Fremu ya Mkuu wa Wilaya

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Hapa nyumbani tupo. Shemeji yako mgongo bado unamsumbua ila mdomo hauna tatizo lolote, anauliza kama huko mji mkuu bado mnakula mara tatu au nanyi mmebadilisha serikali ya tumbo. Wifi anaendeleaje na ujauzito? Mwambie ndoo za maji anyanyue mwenye mdomo mkubwa, yaani wewe.

Picha za Mpya, rais wetu wa sasa, zimefika. Nilipofungua ile bahasha ya serikali nikajua moja kwa moja ni kazi ya mikono yako, kwa sababu pembeni umeacha nafasi nyeupe vile baba alivyokuwa akikukumbusha, ili fremu isimng'ate mtu sikio. Nilijisikia vizuri sana. Nikamwonyesha kinyozi jirani, naye akasema huyu Mpya anahitaji kupunguzwa nywele za shingoni.

Basi mji mzima umeniletea fremu dukani nibadilishe picha. Shule, zahanati, mahakama, posta, hata ile kubwa ya ofisi ya mkuu wa wilaya, na wenye maduka ndio usiseme. Nimefanya kama baba alivyonifundisha. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba anayetoka ndiye anamshikilia anayeingia? Kadibodi nzuri hapa haipatikani, kuna ya maboksi ya sabuni tu, nayo ikipata unyevu inajikunja na picha inajikunja nayo. Kwa hiyo Mpya nimemweka mbele, kwenye kioo, Mzee, yule rais aliyetoka, nimemwacha nyuma yake ndiye awe ubao, halafu karatasi ya kaki na misumari mifupi. Nilimaliza karibu zote.

Nilipomaliza ndipo tangazo likabandikwa. Picha zote za Mzee zipelekwe ofisi ya wilaya zikachomwe, na atakayekutwa nayo atajieleza. Sasa wewe niambie, nitaanza kupita mlango kwa mlango nikifungua kuta za watu? Nimenyamaza. Anayejua ni mimi, wewe na kinyozi, na kinyozi ananyamaza akiwa amelala tu.

Kuhusu picha ya mama uliyoniuliza tena, jibu ni lile lile. Sina. Baba nilimuuliza mpaka nikachoka, naye alikuwa akijibu "ipo" halafu anarudi kupiga randa. Nimepekua masanduku yote.

Dada yako.


Tarehe 2 Machi

Shikamoo dada,

Wifi yako hajambo na ndoo nanyanyua mimi. Anakula udongo wa kubandua ukutani, nimempigia kelele mpaka nimechoka. Mwambie shemeji tunakula mara tatu, ila mara mbili kati ya hizo ni chai.

Kazi imetubana. Kwenye chumba cha giza naingia asubuhi natoka jioni, nachapa uso ule ule. Namfahamu Mpya hadi kovu lake la kidevuni, ambalo mkubwa wetu mgeni ametuagiza tulififishe. Mkubwa huyu kaja na watu wake na kila mmoja ana funguo. Lakini mimi wananipenda, usiwe na wasiwasi.

Dada, zile fremu zifungue. Nakuomba. Huku kuna mwenye duka amechukuliwa kwa sababu ya Mzee mmoja aliyekuwa juu ya friji, tena mwenyewe alishasahau kama yupo. Wewe umeweka Mzee kwenye mahakama! Siyo kwamba nakufundisha kazi. Baba aliishi zamani zake, ambapo mtawala akitoka anatoka, basi. Hawa wapya wana hasira. Zitoe, zipeleke zikachomwe, useme ulikuwa hujasoma tangazo. Mimi hapa ofisini nitaongea na watu wakubwa wakuangalie kwa jicho zuri.

Na usinichoke kwa lile jambo la picha. Wifi yako ananiuliza kila siku mtoto atafanana na nani upande wetu. Baba namkumbuka. Mama, dada, alikufa akinizaa, nami nimechapa nyuso za nchi nzima na wa kwake sijui hata pua ilikaaje. Wewe unamkumbuka. Hebu niandikie basi alikuwaje.

Mdogo wako.


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Mvua imetushika. Paa la jikoni linavuja na shemeji yako amepanda kuliziba, mgongo ukapona ghafla akiwa juu, ukauma tena alipoona kuni za kupasua. Barabara ya posta imepewa jina jipya. Kibao kipya kizuri, kina rangi ya kijani, na kila mtu anaendelea kusema barabara ya posta.

Posta yenyewe ndiyo imenitia kwenye maneno. Ukuta wao unavuja, msumari ukalegea, fremu ikaanguka katikati ya watu waliopanga foleni. Kioo kikavunjika. Mpya akateleza chini kidogo, na Mzee akachungulia juu ya bega lake, macho yale yale. Watu wakaganda. Mkuu wa posta alivua koti akalifunika juu ya picha kama amekuta maiti barabarani. Mpaka jioni mji ulishagawanyika. Wengine wanasema nimemficha Mzee kwa sababu atarudi. Wengine wanasema nimelipwa. Mwalimu mkuu wa shule alikwenda ofisini kwake, akafunga mlango, akamtoa Mzee mwenyewe na kumchana, na sasa Mpya wa shule amejikunja mpaka anafanana na mtu anayeumwa tumbo.

Mkuu wa wilaya ameniita. Ni kijana, amehamishiwa hapa baada ya uchaguzi, bado hajui hata choo cha ofisi kiko wapi. Tuliongea vizuri. Aliniuliza ni nani aliyeniagiza. Nikamwambia ni baba. Akauliza baba yuko wapi, nikamwambia makaburini, akaandika.

Kazi siku hizi si nyingi. Napumzika.

Mama alikuwa mrefu. Alikuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Zaidi ya hapo nikikuambia nitakuwa natunga, maana nami nilikuwa mdogo na nikifumba macho uso wake hauji, inakuja kanga tu. Ndiyo maana sipendi uniulize.

Wale watu wakubwa wa ofisini, bado unaongea nao?

Dada yako.


Tarehe 30 Mei

Shikamoo dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mambo. Wifi yako amekuwa mzito, anatembea ameshika kiuno kama mwenye nyumba anayedai kodi. Tunawasalimu wote.

Ofisini kuna mabadiliko mabadiliko. Wale watu wakubwa wamesafiri, wakirudi nitawaona. Wewe mwambie mkuu wa wilaya ukweli kama ulivyo, kwamba ni kadibodi. Mtu mwenye akili ataelewa.

Hujanieleza vizuri mliishia wapi naye.

Mdogo wako.


Tarehe 14 Juni

Kitinda,

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kuangalia kama umeandika nyuma. Bahasha haikuwa na muhuri wa ofisi kama zile nyingine, na anwani ya kurudishia ni ya duka la viatu. Siulizi. Nakuambia tu kwamba naona.

Sisi tupo. Mkuu wa wilaya ameandika kwa wakubwa wake na amejibiwa. Mwezi wa nane fremu zote za mji zitaletwa ukumbini, nizifungue mwenyewe mbele ya watu. Mzee akikutwa ndani, kila mwenye fremu atasema kama alijua. Wakisema walijua, wamekwisha nao. Wakisema hawakujua, nimekwisha mimi. Kwa hiyo unaweza kufikiria jinsi ninavyosalimiwa njiani. Muuza nyanya ananipimia huku anatazama upande mwingine. Yule wa mahakama, ambaye baba alimtengenezea kitanda cha harusi, akiniona anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Siwalaumu sana. Nawalaumu kidogo.

Kinyozi peke yake anakuja kama kawaida, anakaa kwenye ngazi ya mlango wangu, analalamika kuhusu vichwa vya watu.

Usije. Nauli mnunulie mtoto nguo.

Dada yako.


Tarehe 6 Julai

Shikamoo dada,

Nianze na heri. Wifi yako amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima. Ana sauti yako unapogombana na shemeji. Ndugu wa mke wangu wamekuja wakamzunguka, wanasema pua ni ya kwao, paji ni la kwao, vidole ni vya kwao. Masikio tu hawayataki, ni makubwa, wananiangalia mimi. Sina hata kipande cha karatasi cha kubishana nao.

Sasa na mimi naona kitu. Tangu nimehamia huku, kila nilipofungua barua yako, unga wa mbao ulikuwa unamwagika mezani. Wifi yako alikuwa akifuta huku anacheka, anasema dada yako kaingia na viatu. Mbili zilizopita zimekuja safi. Hata harufu ya gundi hazina. Duka limefungwa, dada. Wamelifunga tangu lini? Tangu siku ile "mliyoongea vizuri"?

Na mimi ofisini sipo. Yule mkubwa mgeni alitusimamisha wote tulioajiriwa enzi za Mzee, ikawa kwaheri. Nilitolewa hata picha zilizokuwa zinakauka kwenye kamba sijazishusha. Nimepata sehemu ghorofani juu ya duka la viatu, napiga picha za vitambulisho. Watu wanakuja wamekunja uso, nawaambia wasicheke, na kweli hawacheki. Kwa hiyo sina mtu mkubwa wa kuongea naye kwa ajili yako. Nilitaka upate usingizi, ndiyo maana.

Naogopa, dada. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni ukiwa huna hata nguvu za kubeba. Wakikuchukua, mimi nitakuwa na nani wa kumwamkia?

Mdogo wako.


Tarehe 17 Agosti

Mdogo wangu, baba wa mtoto,

Hongera, hongera, na hongera tena. Shemeji yako alicheza chumbani mpaka mgongo ukakumbuka kazi yake. Masikio makubwa ni mazuri. Kaa hapo hapo kwenye masikio, nitayarudia.

Ndiyo, walilifunga, siku ile ile. Kufuli la polisi, na zana zangu zote ndani. Ningekuambia ungepanda basi, na wewe ukipanda basi unatapika.

Juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ukumbi ulijaa. Fremu zilipangwa ukutani, kila moja na mwenyewe amesimama pembeni, utadhani ni siku ya wazazi shuleni. Polisi alinirudishia koleo langu na kisu kwa mkono mmoja, mwingine ameweka kwenye mkanda. Mkuu wa wilaya akasema tuanze na ya ofisini kwake, ili mtu asije kusema anaonea wengine. Hapo nilimheshimu.

Nikailaza kifudifudi mezani. Nikang'oa misumari, nikabandua kaki. Unajua hii fremu ndiyo kongwe kuliko zote, baba aliitengeneza ulipokuwa mchanga wa kunyonya chupa. Nilipombadilisha Mzee miezi ile sikuitenganisha, nilinyanyua vyote kwa pamoja kama ubao mmoja, kwa sababu baba aliviziba pembeni kwa karatasi ya gundi, na alinikataza kuigusa. Alimkataza kila mtu. Nilidhani ni ubishi wake wa ufundi.

Nikamtoa Mpya, nikamweka pembeni kwa adabu. Nyuma yake Mzee. Mkuu wa wilaya akaniuliza, "Kwa hiyo unakiri?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, sijamaliza kufungua." Akasema, "Endelea."

Nikaingiza kisu pembeni, polepole, gundi ilikuwa imekauka ikawa kama mfupa. Mzee akatoka. Nyuma yake akatokea wa Kwanza, yule wa wakati wa uhuru, na tai yake nyembamba. Mwalimu mkuu akasimama wima bila kujijua, kama enzi za gwaride, halafu akaona aibu akakaa. Watu wakaanza kunong'ona. Mkuu wa wilaya akasogea. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba gundi ile ni ya zamani kuliko yeye, na kwamba hakuna aliyemficha Mzee kwa mapenzi, ni mtindo wa nyumba yetu tu. Lakini nilikuwa sijafika mwisho. Ubao ulikuwa bado mnene.

Nikamnyanyua wa Kwanza.

Kulikuwa na picha ya studio, kubwa, imebandikwa kwenye kadibodi nene ile ya zamani. Mwanamke amekaa kwenye kiti, mkono mmoja umeshika mwingine, amebana midomo ili asicheke. Masikio makubwa, Kitinda. Makubwa kabisa. Mimi nilisimama, kisu bado mkononi.

Mkuu wa wilaya akainama, akatazama, akamtazama karani wake, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana hakusoma shule, "Na huyu? Huyu alitawala lini?"

Hakuna aliyecheka. Aliuliza kwa dhati kabisa. Ndipo kinyozi akajibu kutoka nyuma, "Mheshimiwa, huyu alimtawala fundi!" Ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka yule wa mahakama akashika ukuta. Polisi alicheka. Watu walikuwa wamebana pumzi tangu mvua za kwanza, sasa zikatoka zote.

Nikasema, "Ni mama yangu." Halafu nikalia, na sikujificha. Muuza nyanya ndiye aliyekuja kunishika.

Mkuu wa wilaya alinipa kiti chake. Akasubiri watu watulie, akaniuliza taratibu, "Kwa nini alimficha?" Nikamjibu lililonijia, na nadhani ni kweli. Nikamwambia baba hakumficha mtu yeyote. Alikuwa hawezi kuitazama hiyo picha na hawezi kuitupa. Na nadhani baada ya hapo hakuweza kutupa picha ya mtu yeyote tena. Kadibodi ilikuwa sababu tu ya kutuambia sisi.

Akasugua kidevu. Kisha akamwambia karani aandike kwamba fremu zimekaguliwa, na zilizobaki zirudi kwenye kuta zake bila kufunguliwa. Duka lilifunguliwa jioni ile ile. Jana karani akaja, anapitia mlango wa nyuma, eti picha ya mheshimiwa kule ofisini imejikunja, haina mgongo, je, nina kadibodi? Nikamwambia kadibodi nilizoziona mimi ziko mezani kwao. Tukakubaliana. Mzee na wa Kwanza wamerudi ndani, ila safari hii wanatazama ukutani. Ameniomba nitumie misumari mifupi.

Mama sikumrudisha. Anakuja kwako na dereva wa lori la vifurushi, nimemfunga katikati ya mbao mbili na shuka. Baba alisema ipo, nasi tukadhani anatukwepa. Uliwahi kukaa kwenye lile benchi la ofisi ya wilaya ukisubiri cheti chako cha kuzaliwa, nusu siku nzima, nami nimekushika mkono. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Dada yako.


Tarehe 8 Septemba

Dada,

Shikamoo. Mezani kumejaa unga wa mbao na wifi yako amekataa kuufuta.

Dereva alifika usiku wa jana akakataa hata chai. Nilifungua peke yangu kwanza. Nimezoea picha kutokea polepole kwenye maji, sikuzoea mtu kutokea mara moja namna ile. Sikulia. Nilikwenda kwenye kioo nikashika masikio yangu. Nililia baadaye, nilipomleta mtoto na kumshika pembeni yake.

Wakwe wamekuja leo asubuhi. Nimewawekea picha mezani. Mama mkwe alitazama picha, akatazama mtoto, akatazama picha, akasema haya, hebu tuleteeni chai.

Nimeipiga nakala kwa kamera ya kazini. Picha yenyewe inarudi kwako na dereva huyo huyo, wewe ndiye uliyemjua, ikae dukani mbele ya kila anayeingia. Nakala nimeitia kwenye fremu niliyoitengeneza mwenyewe, usiicheke, pembe moja haijakutana vizuri. Nimeacha nafasi nyeupe pembeni, fremu isimng'ate sikio. Kadibodi nimenunua mpya kabisa, dukani, kwa pesa ya vitambulisho.

Ipo mbele, dada. Nyuma yake sikuweka mtu.

Mdogo wako, Kitinda.